Maaskofu, fedha za serikali na Wakongo wa kambini

Januari 2025 Makamu wa Rais wa Marekani, JD Vance, ambaye mwenyewe ni Mkatoliki, aliwashutumu maaskofu wa nchi yake kwamba wanapokea zaidi ya dola milioni 100 kwa kuwasaidia wahamiaji haramu, akahoji kama kweli kinachowauma ni ubinadamu au ni pato. Tuhuma hiyo imewaingia wengi, na haiwatendei haki maaskofu.

Kwa sheria ya wakimbizi ya Marekani ya mwaka 1980, serikali ndiyo inayomhoji mkimbizi, inayomchunguza na kumkubali. Anaingia kwa kibali; haramu haipo hapo. Shirika lenye mkataba na serikali, kama lilivyokuwa la maaskofu, linampokea akishashuka kwenye ndege: linamtafutia nyumba na vitanda, linawaandikisha watoto shule, linamsaidia kupata kazi. Kabla ya programu ya kupokea wakimbizi kusimamishwa Januari 2025, mashirika 10 yalifanya kazi hiyo, na 7 kati yake yana asili ya dini, wakiwemo Wakatoliki, Walutheri, Waepiskopali (Waanglikana wa Marekani) na Wayahudi wa shirika la HIAS. Maaskofu walieleza kwamba fedha za serikali hazikutosha hata gharama zote.

Hoja ya Vance yenye uzito ni nyingine. Alisema mapendo yana mpangilio: familia kwanza, kisha jirani na raia mwenzako, ndipo dunia. Wakristo wengi wa huko, hasa waevanjeli (Waprotestanti wa kiinjili) weupe, wanakubaliana naye. Papa Francis, katika barua yake ya Februari 10, alikiri kuwa taifa lina haki ya kujilinda na wahalifu, ila akawarudisha waumini kwa Msamaria Mwema.

Katika mwaka wa fedha 2024 Marekani ilipokea wakimbizi 100,034. Wakongo walikuwa karibu 20,000, wengi kuliko taifa lolote: mmoja kati ya kila watano. Nyuma ya hesabu hiyo kuna familia zilizosubiri miaka kwenye kambi kama Nyarugusu ya Tanzania na Nakivale ya Uganda, na vijana waliozaliwa humohumo. Kikomo kilichotangazwa mwaka 2025 kwa mwaka wa fedha 2026 kilikuwa watu 7,500 kwa dunia nzima, na kipaumbele walipewa Makaburu wa Afrika Kusini. Waepiskopali waliombwa kuwapokea hao Mei 2025, wakakataa na kuachana na serikali. Sioni raha kanisa linapochagua nani apokewe, lakini anayetafuta pato hafungi mlango wa pato.

Maaskofu Wakatoliki nao walitangaza Aprili 2025 kwamba hawahuishi mikataba yao na serikali ya kupokea wakimbizi. Kama kilichowatia sauti ni fedha, wangenyamaza. Novemba mwaka huohuo, katika mkutano wao mjini Baltimore, walipiga kura 216 dhidi ya 5 kupinga kufukuza watu kiholela kwa wingi. Kura hiyo haikupandisha kikomo hata kwa mtu mmoja, na wakimbizi waliokwisha kukubaliwa, safari zao zikafutwa Januari 2025, bado wanahitaji wa kuwasemea huko Washington.