Nairobi Gallery haikuwa ya watawala pekee

Makala moja niliyoisoma inadai kwamba jengo la Nairobi Gallery, lililojengwa mwaka wa 1913, lilikuwa ofisi ya watawala wa kikoloni tu kabla ya kugeuzwa makavazi, na hapo siafiki. Humo pia ndimo watu walimoandikisha watoto waliozaliwa, ndoa na vifo, hivyo historia yake ni ya familia nyingi, si ya amri za serikali peke yake. Nafurahi mno kwamba sasa limehifadhi vito, nguo, stempu na samani alizokusanya Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, pamoja na mkewe Sheila; hata hivyo, kazi ile ya karani na daftari lake inastahili chumba chake. Je, kuna msomaji ambaye familia yake ingali na cheti kilichotolewa hapo?