Vipanga wawili wa Harvard: kasi iliwaponza, au kelele?

Mwaka 1909 Chuo Kikuu cha Harvard kilipokea wavulana wawili ambao watoto wa rika lao walikuwa bado wanagombania gololi mtaani. William James Sidis alikuwa na miaka 11 na kaptura, anaanza shahada ya kwanza. Norbert Wiener alikuwa na miaka 14. Shahada ya kwanza alishaimaliza Chuo cha Tufts, sasa anakuja kusomea ya juu zaidi. Kila mmoja baba yake alikuwa Myahudi aliyehamia Marekani kutoka himaya ya Urusi. Wote walifundishwa nyumbani na baba msomi, na kila baba alikuwa na nadharia yake ya malezi aliyotaka dunia iisikie. Sidis alifariki mwaka 1944 akiwa na miaka 46, karani asiyekaa kazi moja kwa muda mrefu. Wiener alifariki Stockholm mwaka 1964, miezi miwili tu baada ya Rais Lyndon Johnson kumkabidhi Nishani ya Taifa ya Sayansi.

Ukizuka ubishi wa kama mtoto kipanga arushwe madarasa au aachwe aende na wenzake, anayepinga humtaja Sidis, anayeunga mkono humtaja Wiener, na kila mtu huondoka na alichokuja nacho. Naona pande zote mbili zinaisoma mifano hii juujuu. Malezi ya wavulana hawa yalifanana mno. Kasi ya masomo peke yake haiwezi kueleza kwa nini mmoja alipotea na mwingine akaja kuwa mwanahisabati mkubwa.

Tuanze na Sidis, maana hadithi yake imetiwa chumvi nyingi. Utasoma kwamba kipimo chake cha akili kilifika 250 au hata 300; hakuna aliyewahi kuonyesha karatasi ya mtihani huo. Lakini hata bila chumvi inatosha. Baba yake, Boris, alikuwa mtaalamu wa saikolojia, na jina la mtoto alilitoa kwa mwalimu wake mwenyewe, mwanafalsafa William James. Mama yake, Sarah, alisomea udaktari wa tiba wakati ambapo wanawake wachache sana walifika huko, ingawa wasimuliaji humsahau kana kwamba mtoto alilelewa na mtu mmoja. Januari 1910 kijana alisimama mbele ya klabu ya hisabati ya Harvard akawahutubia maprofesa kuhusu maumbo ya vipimo vinne. Habari ikatapakaa magazetini. Tangu siku hiyo waandishi hawakumwacha.

Alihitimu mwaka 1914 akiwa na miaka 16, kwa daraja zuri. Akapelekwa Houston, Taasisi ya Rice, kufundisha wanafunzi waliomzidi umri; hakudumu. Akajaribu sheria Harvard, akaiacha kabla ya kumaliza. Mei Mosi ya 1919 alikamatwa Boston kwenye maandamano ya wasoshalisti yaliyogeuka vurugu, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Gerezani hakuingia: wazazi walimweka kwenye nyumba yao ya kutibu wagonjwa wa akili, jambo ambalo yeye alilihesabu kuwa kifungo kibaya zaidi. Baada ya hapo alijitenga nao, akaishi kwa kazi ndogo za ofisini za kuendesha mashine za kujumlisha, na akitambuliwa anahama. Alichokipenda ni tiketi za kubadilishia tramu. Alizikusanya kwa maelfu, na mwaka 1926 aliandika kitabu kizima kuzihusu, tena kwa jina la bandia.

Mwaka 1937 jarida la New Yorker lilimfuata hadi chumba chake cha kupanga Boston na kumwandika kwa kejeli, kuanzia chumba chenyewe hadi namna anavyocheka. Akashtaki. Mwaka 1940 mahakama ya rufaa ilikiri kwamba makala ile ilimvua nguo mtu aliyetaka kusahauliwa, ila ikaamua kwamba umma ulikuwa na haki ya kujua yule mtoto wa ajabu aliishia wapi. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu nzito kuliko zote. Sidis hakuomba kuwa maarufu akiwa na miaka 11. Walioamua ni watu wazima. Miaka 30 baadaye sheria ikamwambia kwamba uamuzi wao bado unamfunga.

Sasa Wiener. Baba yake, Leo, alikuwa profesa wa lugha za Kislavoni Harvard, mtu wa kazi isiyo na breki: ndiye aliyemtafsiri Tolstoy, mwandishi wa Urusi, kwa Kiingereza katika juzuu 24 kwa muda wa kama miaka miwili. Masomo ya mtoto yalifanyika katika chumba hichohicho cha kazi. Norbert anasimulia katika kumbukumbu zake za 1953 jinsi kipindi cha aljebra kilivyoanza kwa upole, kama mazungumzo, hadi atakapokosea mara ya kwanza. Hapo baba mwenye upendo anatoweka na mahali pake anakaa mtu wa kulipiza kisasi. Mtoto anatetemeka, na akitetemeka anakosea zaidi. Alipokuwa na miaka kama minane, daktari alimkataza kusoma kwa miezi sita ili kuokoa macho yake. Leo hakusimamisha masomo. Aligeuza yote kuwa ya kusikiliza, na Norbert akajifunza kukokotoa na kuchora maumbo kichwani. Baadaye alikiri kwamba zoezi lile lilimsaidia maisha yake yote. Kumbukumbu zake zimejaa mambo ya namna hii, yaliyomjenga na kumuumiza kwa pamoja, na ndiyo maana siwaamini wanaozinukuu upande mmoja tu.

Kuhusu urafiki ana maelezo mazuri kuliko ya mtaalamu yeyote niliyemsoma. Anasema kwa mambo ya kucheza na marafiki alikuwa mtoto kamili, na kwa mambo ya masomo alikuwa karibu mtu mzima kamili. Akiwa sekondari, mdogo kuliko wote darasani, marafiki aliwapata kwa watoto wa madarasa ya chini. Basi hoja ya kwamba mtoto akirushwa madarasa atakosa wenzake ina ukweli, lakini haisemi kwamba hawezi kuwapata kwingine. Tatizo linakuwa pale mzazi anapodhani watu wa darasani ndio pekee wanaofaa kuwa marafiki wa mwanawe.

Tofauti ninayoiona mimi kati ya wawili hawa iko kwingine. Leo Wiener alimpeleka mtoto wa miaka 11 Tufts, chuo cha jirani, kwa sababu hakutaka presha ya mtihani wa kuingia Harvard wala kelele za magazeti. Boris Sidis alikazana hadi Harvard ikamkubali mwanawe, na dunia nzima ikajua. Leo naye hakuwa malaika. Mwaka 1911 makala ilitoka katika jarida moja la Marekani ikimnukuu akidai kwamba watoto wake ni watoto wa kawaida kabisa, na kilichowafikisha pale ni malezi yake. Norbert aliisoma na ikamkata maini. Maana yake, anaandika, ni kwamba akifaulu sifa ni za baba, akianguka aibu ni yake. Nadharia yenyewe ilikanushwa humohumo nyumbani: mdogo wake wa kiume alipitishwa njia ileile na haikumfaa hata kidogo.

Halafu ikaja miaka ambayo wasimuliaji huiruka, nami naiona kuwa ndiyo iliyomwokoa. Wiener alipata udaktari wa falsafa mwaka 1913 akiwa na miaka 18. Alikwenda Cambridge, Uingereza, kwa mwanafalsafa Bertrand Russell, ambaye aliandika kwa uchungu kwamba kijana huyu ameharibiwa na sifa na kwamba kila wakikaa wanagombania nani amfundishe nani. Aliporudi Marekani mambo yakawa ya kubangaiza. Alifundisha kwa muda Harvard, kisha chuo kimoja cha Maine ambako wanafunzi walimsumbua. Aliandika maingizo ya ensaiklopedia huko Albany, akafanya hesabu za mizinga kwenye kambi ya jeshi ya Aberdeen wakati wa vita, akawa ripota wa gazeti la Boston. Mwaka 1919 ndipo MIT, taasisi ya teknolojia ya Massachusetts, ilipomchukua, kwa cheo cha chini, idara ya hisabati wakati huo ikiwa hasa ya kuwafundisha wahandisi. Kwa miaka kama sita hakuna aliyekuwa anamhesabia. Kazi yake kubwa ya kwanza, hisabati ya mwendo wa chembe ndogo zinazotikisika ndani ya maji, ilikuja baada ya hapo, na kitabu cha saibanetiki, yaani sayansi ya udhibiti na mawasiliano katika mashine na viumbe, kilitoka mwaka 1948, akiwa na miaka 53. Huyo si mtoto wa ajabu tena. Ni mtu mzima aliyefanya kazi yake kwa muda wa kawaida.

Sidis hakupewa miaka sita ya namna hiyo. Kila alipojaribu kujificha alitafutwa.

Wanaotetea kasi wana hoja nyingine nzito kuliko Wiener. Mwaka 1971 Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alianza kuwatafuta vijana wadogo wenye uwezo mkubwa sana wa hisabati na kuwafuatilia kwa miongo. Ripoti iliyotolewa mwaka 2020, walengwa wakiwa wamefikia miaka 50 hivi, haikuona kwamba kurushwa masomo kuliwaharibia afya ya nafsi. Ushahidi huu nauheshimu, ila una mipaka. Wengi wa vijana hao walisogezwa mwaka mmoja au miwili, au somo moja moja. Kutoka hapo hadi chuo kikuu na kaptura ni mbali. Kingine, hao ni watoto waliofuatiliwa na watafiti, wala si waliofuatwa na wapiga picha.

Somo moja moja ndilo jambo la kulishikilia. Terence Tao, aliyezaliwa Adelaide, Australia, mwaka 1975, alianza kuhudhuria hisabati Chuo Kikuu cha Flinders akiwa na miaka tisa huku masomo mengine akiyasoma sekondari. Baba yake, daktari wa watoto, aliona hakuna sababu ya kumkimbiza kuvunja rekodi. Tao alipata udaktari wake Princeton mwaka 1996, na mwaka 2006 alipewa Medali ya Fields, tuzo kubwa ya wanahisabati. Mwingine ni Ruth Lawrence wa Uingereza, aliyeingia Oxford mwaka 1983 akiwa na miaka 12, baba akihudhuria naye mihadhara na kuzunguka naye mjini kwenye baiskeli ya watu wawili, kamera nyuma yao. Alimaliza shahada ya miaka mitatu kwa miwili, akapata udaktari mwaka 1989, na leo ni profesa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem. Kazi yake juu ya nadharia ya misuko, hisabati ya namna nyuzi zinavyosukana, bado inatumika. Kwa kipimo cha profesa yeyote hayo ni mafanikio. Ila aliyetangazwa utotoni hupimwa kwa kipimo kingine: kwa nini hakuwa Newton? Swali hilo halina haki, na chanzo chake ni ile kamera ya mwanzoni.

Hapa kwetu Tanzania jambo hili liliguswa kwa mlango mwingine. Januari 2023 Baraza la Mitihani, likitangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha kutaja wanafunzi kumi bora na shule kumi bora, likisema utaratibu ule hauna tija. Wengi walilalamika kwamba tumewanyima vijana wetu heshima. Walikuwa na hoja: mtoto wa mkulima aliyetajwa redioni kuwa T.O. (Tanzania One, wa kwanza nchini) aliweza kupata mfadhili kesho yake, na heshima ile iliinua kijiji kizima. Hata hivyo mimi nilikubaliana na Baraza. Ufadhili unaweza kutolewa kwa barua. Mwandishi kuja uani kumpiga picha binti wa miaka 17 na kumuuliza siri ya ushindi hakumsaidii kusoma kemia.

Ambapo sikubaliani na mfumo wetu ni kwenye kasi yenyewe. Shule za vipaji maalum, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala, zinawakusanya vipanga pamoja, na hilo linawapa wenzao wa kubishana nao hesabu bwenini. Lakini muhtasari ni uleule na miaka ni ileile minne. Kijana aliyeimaliza hisabati ya kidato cha nne akiwa kidato cha pili atakaa miaka miwili anawasaidia wenzake mazoezi, au anachoka na kuanza utukutu. Kumruhusu aingie kipindi kimoja cha kidato cha tano, kisha arudi darasani kwake kwa Kiswahili na historia, kunataka ratiba na mwalimu mkuu asiyeogopa karatasi.

Pingamizi moja bado linanisumbua. Wiener, ambaye magazeti yalimwandama kidogo kuliko Sidis, aliishi na vipindi vya huzuni kali hadi uzeeni, na kidonda anachokirudia katika kumbukumbu zake ni kile chumba cha Leo. Kuondoa kamera kungeokoa mengi ya Sidis. Kusingeondoa sauti ya baba kwenye kipindi cha aljebra. Mzazi akiniuliza leo kama mwanawe arushwe darasa, kabla ya kujibu nitataka kujua mtoto anafanywa nini nyumbani anapokosea, na ni watu wangapi wameshaambiwa kwamba ana kichwa.