Mwenyekiti wa Kamati ya Theluji

Ukoo wetu una desturi ya kumteua mwenyekiti wa kamati ya harusi akiwa ametoka nje kupokea simu, na ndivyo nilivyoupata wadhifa huu. Nilidhani kazi ni ile tuliyoizoea hapa Moshi: kugawa kadi za michango, kuwakumbusha wenye ahadi ambao simu zao huishiwa chaji kila wanapoona jina langu, kukubaliana na mpishi idadi ya sahani, kutafuta matarumbeta ya kuwazungusha maharusi mjini, na kuhakikisha kwamba mbege, pombe ya ndizi ya wazee, inaiva siku yake na si siku mbili kabla. Kumbe binti wa kaka yangu ameona kwenye simu yake harusi ya watu wa Ulaya iliyofungwa katikati ya theluji, miti ikiwa haina majani na wageni wakitoa mvuke mdomoni, akaamua kwamba na yake iwe ya majira ya baridi.

Harusi hiyo itafungwa Jumamosi ya mwisho ya Januari. Desemba ilishindikana, kwa kuwa mwezi huo Wachaga wote waliotawanyika Dar es Salaam na kwingineko hupanda nyumbani kwa ajili ya Krismasi, kumbi huwa zimeshikwa mapema na bei ya mbuzi haishikiki. Na tukichelewa sana tutaingia kwenye Kwaresima, ambamo paroko hataki kusikia habari za harusi. Sasa, asiyeujua mji huu afahamu kwamba Januari na Februari ni miezi ambayo jua la Moshi halina utani hata kidogo. Joto la mchana hupita nyuzi 30, na mtu mzima huvuka barabara kwa ajili ya kivuli tu. Kwa sababu hiyo nilisimama kikaoni nikapendekeza, kwa heshima zote, kwamba ikiwa kinachotafutwa ni baridi, basi tusubiri Julai, wakati ukungu unapokaa Marangu na Kibosho tangu asubuhi na wazee hawatoki nje bila koti na kofia ya sufu. Bibi harusi mtarajiwa alinijibu kwa upole mkubwa: “Baba mdogo, Julai haifai. Kutakuwa na baridi, watu watavaa masweta juu ya nguo za sherehe, na picha zitaharibika.” Nikakaa chini. Katibu aliandika kwenye kumbukumbu kwamba hoja ya mwenyekiti imesikilizwa.

Habari ya baridi iliposambaa ilileta usumbufu ambao sikuutarajia. Mshenga wa upande wa bwana harusi alinipigia simu jioni moja, akanisalimia kirefu kuliko kawaida, kisha akauliza kama ni kweli kwamba tumeongeza blanketi lingine kwenye mahari, kwa sababu la bibi na la mama walikwisha kuyaleta na risiti wanazo. Nilimweleza kwamba baridi inayozungumzwa ni ya mapambo. Alinyamaza kidogo, akasema atawaeleza wazee wake, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayeahirisha ugomvi.

Wajumbe wa kamati tumeagizwa kuvaa makoti marefu ya sufu na skafu nyeupe, na wasimamizi wa bibi harusi watavaa vikoti vya manyoya. Mke wangu alikwenda soko la Memorial kututafutia mitumba, akafanya kosa la kutaja harusi mbele ya muuzaji, na koti ambalo lilikuwa limetundikwa pale bila kuulizwa na mtu likapanda bei papo hapo. Analo nyumbani. Ameniambia nisilijaribu mchana.

Kisha kuna matawi. Mpambaji anataka matawi makavu yasiyo na jani hata moja, yaliyopakwa rangi nyeupe na kunyunyiziwa unga wa kung'aa, na kila tawi analiuza kwa shilingi 15,000. Nilimwambia kwamba tumepogoa mibuni juzi na matawi ya kupakia gari yapo nyuma ya nyumba, bure kabisa. Aliyatazama akasema hayana sura ya Ulaya. Yale ya kwake yalipofikishwa nyumbani, mama yangu mzazi, ambaye ndiye bibi wa bibi harusi, alitoka jikoni, akayazunguka, akashika moja na kulipima uzito. “Mwanangu,” akaniuliza, “kuni zote hizi nani kazipaka rangi? Zikiwashwa si zitatuharibia chakula?” Tangu siku hiyo nimeyafungia stoo kwa kufuli, kwa maana mama yangu si mtu wa kuacha kuni zikae bure.

Theluji yenyewe imekula vikao vingi kuliko chakula na vinywaji vikiwekwa pamoja. Kwanza ilipendekezwa mashine ya kurusha povu la sabuni, lakini shangazi wa bibi harusi, ambaye magoti yake yana historia ndefu, aliuliza nani atamwinua atakapoteleza wakati wa kupeleka zawadi mbele, akaapa kwamba hatacheza juu ya maji ya kufulia. Kijana mmoja akaleta hoja ya barafu kavu. Hiyo si maji yaliyoganda bali ni hewa ya ukaa iliyogandishwa hadi nyuzi 78 chini ya sifuri, na ikitiwa kwenye maji ya moto hutoa wingu jeupe linalotambaa sakafuni wakati maharusi wanafungua muziki. Ni jambo zuri kulitazama, sikatai. Ila hewa hiyo ni nzito kuliko ile tunayoivuta, hutuama chini, na chini ukumbini ndiko waliko watoto, kwa hiyo nikadai kwamba madirisha yabaki wazi. Mpambaji akasema madirisha hayafunguliki, kwa sababu upepo utaivuruga theluji aliyoichagua yeye, ambayo ni sufi.

Naam, sufi ile ile ya kujazia mito. Itatandazwa juu ya meza, chini ya meza, kwenye ngazi na kuzunguka keki, na ili isiruke ikaingia kwenye pilau, mapangaboi yote yatazimwa. Niliomba katibu asome upya maazimio ili nihakikishe kwamba nimesikia vizuri: ni Januari, tumevaa makoti ya sufu, madirisha yamefungwa, mapangaboi yamezimwa. Kura ya hapana ilikuwa moja tu, na kila mtu anajua ni ya nani, kwa kuwa tulipiga kwa kunyoosha mikono.

Ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchomwa, nusura ituvunjie undugu. Mpambaji alishauri kwamba mbuzi mzima wa kahawia, mwenye majani mabichi mdomoni, atavuruga rangi za ukumbi, na kwamba tungeweza kumfunika kwa kitambaa cheupe hadi wakati wa kukatwa. Mzee mmoja wa ukoo aliinuka, akauliza ikiwa mbuzi huyo amefariki kwa ugonjwa hata afunikwe. Baada ya mashauriano marefu iliamuliwa kwamba ndafu aingie wazi kama ada inavyotaka, ila avishwe skafu.

Mdogo wa bwana harusi ni mgumu, yaani hubeba mizigo ya watalii mlimani Kilimanjaro, na ndiye pekee katika kamati ambaye amekanyaga theluji. Alituambia kwamba ya kweli ipo, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, lakini sheria za hifadhi hazimruhusu mtu kushuka nayo, na hata huko juu si ya kuchezea, kwani zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Nikaona nafasi yangu. Nikawakumbusha wajumbe kwamba mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipoandika mwaka 1848 kwamba ameiona theluji kwenye mlima huu, wako wasomi wa Uingereza waliomkatalia katakata, kwa kuwa hawakuamini kwamba inaweza kukaa karibu na ikweta. Sisi tunaiona tukiwa tunapiga mswaki. Ukumbi tuliokodi unatazamana na Kibo, kilele chenyewe cha theluji hiyo. Tufungue mapazia, nikasema, na kifungu cha theluji kifutwe kwenye bajeti.

Mpambaji alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua simu yake akatuonyesha bango kubwa la milima ya Uswisi ambalo litatundikwa nyuma ya maharusi, na kwa vipimo vyake linaenea upande mmoja tu wa ukumbi. Ni huo wa Kibo. Kamati ilipiga makofi. Malipo ya awali nimekwisha kuyatoa, na sasa natafuta fundi wa kuziba madirisha ya upande huo, kwa sababu mpambaji anasema asubuhi mlima ukiwa wazi unaingiza mwanga na kuifanya Uswisi ipauke.