Hongera ya Nini, Seva Yenyewe Hatuijui?

Nimechoka na miongozo ya seva inayomalizikia palepale: "Hongera, seva yako sasa iko tayari!" Tayari kwa lipi? Msomaji kanakili mistari asiyoielewa, ukurasa ukafunguka, basi. Kesho ukigoma hana pa kushika.

Chukua Nginx, seva ya wavuti inayopokea maombi na kuyapitisha, iliyowekwa mbele ya programu inayosikiliza poti 3000. Kwenye usanidi wake, ndani ya location /api/ (sehemu ya njia zinazoanza na /api/) ukiandika proxy_pass http://127.0.0.1:3000, yaani "pitisha ombi huko", ombi la /api/watumiaji linaifikia programu vilevile lilivyo. Ongeza mkwaju (/) mmoja tu baada ya 3000, Nginx inaikata /api na programu inapokea /watumiaji. Mkwaju mmoja! Programu inajibu 404 (njia haipo), na mwanafunzi anashinda akipekua msimbo usio na kosa. Akikimbilia nginx -t, amri ya kukagua usanidi, anaambiwa mambo ni shwari, maana kisarufi mistari yote miwili ni halali.

Sasa mfundishe kwa kuharibu. Aanze bila mkwaju, atume ombi kwa curl (amri ya kutuma maombi ya wavuti), asome kwenye logi ya programu, yaani kumbukumbu zake, ni njia gani imefika. Auweke mkwaju, nginx -t, nginx -s reload ili usanidi usomwe upya, atume tena. Tofauti ataiona kwa macho yake. Halafu aizime programu makusudi: atapata 502 (programu ya nyuma haijibu), na kwenye error.log, logi ya makosa ya Nginx, atakuta "Connection refused". Atume faili la megabaiti 2 apate 413 (ombi kubwa mno), kwa sababu client_max_body_size, kikomo cha ukubwa wa ombi, isipoguswa ni megabaiti 1. Siku kosa likija lenyewe saa nane usiku, sura yake anaijua.

Haya, orodha kamili ya vipengele vya usanidi nayo inahitajika, sibishi. Lakini kamusi haijawahi kumfundisha mtu kuongea.

Picha za skrini za amri ziachwe kabisa. Nani atanakili kutoka kwenye picha? Toleo la programu litajwe mstari wa kwanza.

Na jamani, tuelezane lini seva inazimwa na lini haizimwi. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL ukibadilisha listen_addresses (anwani inazosikiliza), lazima uiwashe upya. Ukibadilisha pg_hba.conf, faili la ruhusa za kuunganishwa, endesha SELECT pg_reload_conf() isomwe upya. Inatosha, na waliounganishwa hawaguswi. Mwongozo unaoamuru kuwasha upya kwa kila badiliko unawakata wote waliomo, kisa mstari mmoja wa ruhusa.