Yai la Bibi halikuandikwa kwenye kadi

Mwenzangu wa zamu alikuwa anasubiri chai yake ipoe nilipofungua hati yangu ya mshahara. Akachungulia, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: kodi ya kanisa, euro 27.90. "Bado unalipa hii? Unaweza kujitoa. Unakwenda ofisi ya usajili, unatia sahihi, unalipa ada, basi." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuambia kamba ya kiatu chako imefunguka. Amezaliwa hapa Leipzig, hajabatizwa, wazazi wake hawakubatizwa, na kwake kubaki au kutoka ni sawasawa.

Nilikasirika. Siku nzima nilikuwa nageuza wazee vitandani, napima presha, nalisha uji, na hasira iko palepale kifuani. Jioni kwenye tramu ndipo nilipojua kwamba yule dada hana kosa. Hasira yangu ilikuwa imetoka mbali, imetoka nyumbani, na ina miaka kadhaa.

Niieleze kwanza hii kodi, maana wengi wenu mnaisikia tu. Siku unapoandikisha anwani yako Ujerumani, karani anakuuliza dini. Mimi nilijibu upesi na kwa fahari, Mlutheri, kama nilivyokuwa najibu shuleni Moshi. Jibu hilo linafika ofisi ya kodi, na mwajiri anaanza kukata asilimia 9 ya kodi yako ya mapato (Bavaria na Baden-Württemberg ni 8), kisha serikali inalipelekea kanisa lako. Ni asilimia ya kodi, si ya mshahara. Kodi yangu ni euro 310, ndiyo maana ya hizo 27.90. Utaratibu huu umo kwenye katiba yao tangu 1919. Bahasha ya sadaka yenye namba ya muumini kama kwetu hakuna, kadi ya kuandikia ahadi na malipo yake hakuna, wala mzee wa kanisa wa kukukumbusha mbele ya wageni wako. Na mtu ambaye kipato chake ni kidogo mno kutozwa kodi ya mapato, kanisa nalo halimkati kitu. Mwanafunzi, mama wa pensheni ndogo, kijana asiye na kazi, wote wanakaa benchi moja na daktari anayekatwa mamia, na hakuna kwenye benchi hilo anayejua nani analipa na nani halipi.

Nikifika hapo kwenye benchi, namkumbuka bibi yangu, na hapo ndipo hasira inapoanza.

Bibi mzaa baba aliishi kwenye kihamba chake, shamba la ukoo lenye nyumba, peke yake baada ya Babu kufariki. Alikuwa na kuku, migomba, na kahawa chache ambazo kila mwaka zilizaa kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Kila Jumapili alikwenda kanisani na yai. Alilizungushia majani makavu ya mgomba, akalifunga kwenye pindo la khanga, na mimi nikiwa na miaka minane ndiye niliyepewa kulibeba kuanzia njia panda. Sijawahi kutembea kwa uangalifu namna ile tena, hata leo ninapobeba dawa za wagonjwa.

Ibada ikiisha, sote nje, mnada. Mnaujua. Mzee mwenye sauti kubwa kuliko wote analiinua yai juu, mia tano, nani elfu, mtu analinunua na kulirudisha, linauzwa upya, mkungu wa ndizi unazunguka mara tatu kabla haujapata pa kulala. Jumapili moja ya Desemba, watu wakiwa wamepanda kutoka Dar, vijana wawili walishindana na yai la Bibi likafika shilingi elfu tano. Bibi alisimama pembeni, kiganja mdomoni, mabega yanatikisika kwa kicheko. Usharika mzima ulijua lile yai ni la nani. Njiani kurudi aliimba mpaka mlangoni.

Alifariki mwaka 2016. Jioni ya pili ya msiba wazee wa kanisa walikuja na daftari la michango ya waumini.

Sina haja ya kuwaeleza mengi. Kadi ya Bibi ilikuwa nyeupe. Ahadi za miaka minne hazikulipwa, jengo halikulipwa, na kiwango cha jengo kilikuwa kimoja kwa kila kaya, kwake na kwa mwenye malori. Na mayai? Fedha za mnada ziliandikwa kwa jumla. Yai halina namba ya bahasha. Jumapili zote zile nilizobeba kile kifurushi kama nimebeba mtoto mchanga, kwa hesabu ya daftari Bibi alikuwa hatoi kitu. Baba mdogo alitoka nje na wale wazee, wakanong'ona gizani karibu na banda la ng'ombe, akarudi akiwa ameinamisha uso na kuanza kuwapitia ndugu mmoja mmoja. Deni likalipwa usiku. Asubuhi mchungaji akaja, akahubiri vizuri, akasema marehemu alikuwa nguzo ya kanisa.

Nilikuwa kidato cha tatu, kipaimara nimekipata mwaka mmoja kabla. Niliimba na kwaya mazishini. Sitaki kutaja usharika, na najua ziko sharika nyingi ambako jambo kama hili halijawahi kutokea wala haliwezi kutokea. Lakini mnaosoma hapa, ni wangapi mkisikia "wazee wamekuja na daftari" mnahitaji kuuliza daftari gani?

Tayari nawasikia. Amekaa Ulaya miaka mitatu, sasa anatufundisha sadaka. Hapana ndugu zangu. Nilichokiona, nilikiona kabla sijawa na pasipoti. Ningeandika maneno haya haya nikiwa kule nyumbani Majengo, ila ningeogopa zaidi, maana Mama yangu bado anakaa kwenye benchi lile lile. Hata sasa naogopa kidogo.

Mwingine atasema: unatuletea mfano wa makanisa matupu. Hilo linaniuma kwa sababu ni kweli. Jumapili iliyopita tulikuwa watu 23, na nimemhesabu mpiga kinanda. Mwaka 2022 peke yake, Wakatoliki zaidi ya laki tano walijitoa rasmi katika nchi hii, na Waprotestanti karibu laki nne, na wapo waliotoka kwa ajili ya hiyo hiyo kodi ninayoisimulia. Leipzig ndiyo iliyotuma wamisionari waliofika Machame, kule Kilimanjaro, mwaka 1893. Leo wengi wa wenyeji wa mji huu hawana dini yoyote, na sisi, vitukuu wa waliobatizwa na wale wageni, KKKT yetu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ni moja ya makanisa makubwa ya Kilutheri duniani. Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani alitoka kwetu, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, mwaka 1977, na alichaguliwa Dar es Salaam. Nikiwasimulia hayo wazee ninaowahudumia, huwa nasimama wima. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nalidharau kanisa lililonilea.

Ila nimeona kitu kimoja na siwezi kujifanya sijakiona. Huku anayetoka kanisani ni mwenye mshahara, anataka kuokoa fedha yake. Kwetu anayeacha kuja ni yule asiye na cha kuweka kwenye bahasha. Anaanza kwa kukosa Jumapili ya ahadi, kisha Jumapili ya kusomwa majina ya wanaodaiwa, kisha unasikia amehamia kwa walokole, kisha watu wanasema imani yake ilikuwa haba. Hatujamfukuza, ndiyo. Tumemsomea jina tu.

Sasa nigeuke, maana haki haina upande mmoja.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, Jumapili ya shukrani ya mavuno mwezi Oktoba, niliingia kanisani nikakuta madhabahu imejaa: maboga, zabibu, mikate mikubwa, viazi, tufaha, na kikapu cha mayai. Machozi yalinitoka kabla ya wimbo wa kwanza. Mayai! Nilikaa ibada nzima nikijiandaa. Nilikuwa na euro 20 kwenye pochi, nikapanga nitaanza na 5, nipande polepole. Ibada ikaisha. Watu wakampa mchungaji mkono mlangoni, wakafungua miavuli, wakaondoka. Mimi nikabaki nje kwenye ngazi, nasubiri. Mama mmoja mzee aliniuliza kama nimepotea. Nikamwuliza vile vitu vinakwenda wapi, akasema vinapelekwa kwa wanaogawa chakula kwa maskini. Ni jambo jema, siwezi kulilaumu. Lakini ni nani alileta kile kikapu? Nilitazama nyuso zote mlangoni na sikuweza kujua. Kama naye alikuwa na mjukuu aliyembebea, sitajua kamwe.

Na Februari iliyofuata niliugua, nikakosa Jumapili tatu mfululizo. Kodi yangu ilikatwa kama kawaida. Hakuna aliyebisha hodi. Nililala nikitazama dari nikafikiria jumuiya yetu nyumbani, jinsi wangekuja jioni ya Jumatano na uji kwenye chupa ya chai, waimbe mpaka jirani afungue dirisha, na yule yule mzee wa daftari angepiga magoti sakafuni kuniombea mpaka jasho limtoke. Huyo huyo. Ndicho kinachonichanganya mpaka leo. Waliokuja na daftari kwa Bibi ndio waliobeba jeneza lake.

Kuna watakaoniambia basi chagua moja, kutoa kwa siri kama Bwana alivyofundisha au kutoa hadharani kama tulivyozoea. Nimelisoma sana lile neno la mkono wa kushoto na wa kulia. Nimesoma pia pale Yesu alipokaa kulielekea sanduku la hazina akitazama watu wanavyotia. Alitazama! Macho yake yalikuwa kwenye mikono yao, ndiyo maana alimwona mjane na senti zake mbili wakati wengine walisikia tu mlio wa fedha za matajiri. Kisha akawaita wanafunzi wake, akawaonyesha alichokiona. Huku kwenye kodi, mjane yule asingedaiwa kitu, na asingeonekana. Kwetu angeonekana, kisha angeulizwa salio. Mimi naota kanisa linalotazama kama yeye alivyotazama, na naamini kabisa kwamba ni kanisa letu lile lile linaloweza, kwa sababu kutazama tunakujua tayari.

Ninachoomba si kikubwa. Daftari liandike yai. Mnada ukiisha, andikeni yai la fulani, elfu moja na mia tano, kwenye kadi yake, kabla hamjaandika la aliyenunua. Kiwango cha jengo kifuate mfuko wa mtu. Na msiba usiwe dirisha la kukusanyia madeni, kwa yeyote, hata kwa aliyekuwa mlevi, hata kwa asiyewahi kuja. Mkisema mtu atapata wapi moyo wa kutoa kama hadaiwi, mkumbukeni bibi yangu, aliyetoa Jumapili zote hizo bila mtu kumdai lile yai.

Mwenzangu wa zamu aliniuliza tena juzi kama nimekwenda kujitoa. Nikamwambia hapana, nitabaki. Akauliza kwa nini, na Kijerumani changu hakikutosha, nikamwambia kwa sababu ya bibi yangu. Akatikisa kichwa kama ameelewa. Nadhani alielewa kiasi.

Jumapili ya wiki hiyo hiyo Mama alinipigia kwa video kutoka mnadani. Alimpa binamu yangu simu ainue juu, nikaona mabati mapya ya kanisa, nikaona watu, nikaona mkungu wa ndizi umewekwa juu ya meza. Nikapaza sauti, elfu ishirini! Watu wakageuka, wakacheka, wakanipungia mikono, mtu akaita jina langu la utotoni. Nikatuma kwa M-Pesa hapo hapo na kusema urudishwe, ukauzwa tena, ukafika kwa mwalimu mmoja mstaafu.

Kelele zilipotulia nikamwuliza Mama mkungu ni wa nani. Akanitajia mjane wa kule bondeni, yule anayelea wajukuu wanne.

"Wameandika jina lake, Mama?"

Akanyamaza. Picha ikayumba, nikaona nyasi, nikaona kiatu chake, kisha nikamsikia anauliza, "Mzee, samahani, lile daftari liko wapi?"