Habari za Wanachama Zianze Ukurasa wa Kwanza

Chukua taarifa ya mwezi ya klabu ya wanaume wastaafu uisome kutoka juu. Mara nyingi utakuta kwanza salamu za mwenyekiti, robo tatu ya ukurasa. Unafuata muhtasari wa mkutano uliopita, kisha hotuba ya mgeni iliyofupishwa kwa aya sita, kisha kumbusho la ada. Chini kabisa, ukurasa wa mwisho, imebanwa mistari mitatu: fulani ametimiza miaka 80, fulani alilazwa, fulani amerudi nyumbani. Mpangilio huu ni kichwa chini miguu juu. Mistari ile mitatu ndiyo klabu yenyewe. Salamu za mwenyekiti hata zikikosekana mwaka mzima hakuna atakayezidai.

Mtu akiwa bado kazini, asipoonekana Jumatatu, kabla ya saa 4 kuna mwenzake atakayeuliza yuko wapi. Akistaafu, wa kuuliza hubaki mkewe. Mke naye akitangulia mbele ya haki, siku tatu nne zinaweza kupita bila mtu kujua. Klabu ipo ili wa kuuliza awepo. Matembezi, karata na wageni wa kuzungumza ni namna ya kuwakutanisha watu mara kwa mara, ili mmoja akikosekana pengo lake lionekane upesi.

Ndiyo maana daftari la mahudhurio naliweka juu ya kila chombo kingine, hata juu ya akaunti ya benki. Makosa huanzia kwenye namna ya kulitengeneza. Klabu nyingi huweka karatasi tupu mlangoni, kila anayeingia anaandika jina lake. Karatasi hiyo inakupa waliokuja, na waliokuja unawaona kwa macho. Unachotaka ni wasiokuja. Basi majina yote yachapwe mapema kwa alfabeti, mwanachama aweke alama tu mbele ya jina lake, na mwisho wa mkutano nafasi zilizobaki wazi zijisemee zenyewe. Aliyetoa udhuru aandikiwe U. Kazi hii apewe mtu mmoja, tena aifanye jioni ile ile. Ikikabidhiwa kamati itasubiri kikao cha kamati, na kikao kiko wiki tatu mbele.

Asiyetoa udhuru mara ya kwanza, ujumbe mfupi unatosha. Mara ya pili mfululizo, simu ya sauti ndani ya siku mbili. Mara ya tatu, watu wawili waende wakabishe hodi.

Kuhusu hiyo simu, asipige mwenyekiti wala mweka hazina, maana mtu ataona jina kwenye kioo na kudhani anadaiwa. Apige anayeketi naye meza moja. "Mbona siku hizi huji?" ni mashtaka, na jibu lake litakuwa "nimebanwa kidogo", mazungumzo yaishie hapo. Bora aseme: "Mzee mwenzangu, Jumatano tulikosa wa nne mezani, tukabaki kuwatazama wenzetu wakicheza. Jumatano hii nikupitie saa 3 na nusu?" Hapo amempa mtu sababu ya kurudi na usafiri kwa pamoja. Ile kauli ya "ukihitaji msaada usisite kusema" ifutwe kabisa. Wanaume wa miaka 75 husita, na ndicho chanzo cha tatizo lote.

Nyuma ya "nimebanwa" huwa kuna mambo machache yanayojirudia: mke anaumwa na hakuna wa kumwachia, macho hayamruhusu tena kuendesha gari gizani, kibofu hakivumilii safari ndefu, ameanza kusahau majina na anaona haya, ada imempita uwezo. Kila moja lina dawa yake, na nyingi ni rahisi. Mkutano wa jioni uhamishwe uwe wa asubuhi. Aliyekwama ada amwone mweka hazina peke yake, na jina lake lisifike kwenye kamati. Majina? Beji za kifuani kwa wote, herufi kubwa, kila mkutano, ili asiyekumbuka asijulikane ni nani.

Lakini linaloondoa watu kimyakimya kuliko yote ni masikio. Kifaa cha kusikilizia husaidia zaidi msemaji akiwa karibu, mita moja au mbili. Mita kumi nyuma, kwenye ukumbi wenye vigae na kuta tupu, mwangwi na viti vinavyoburutwa huifunika sauti anayoitafuta. Mtu huyo atacheka wenzake wakicheka kwa miezi minne, wa tano haji. Kipaza sauti kishikwe na kila anayesimama, wakiwamo wale wanaojigamba kwamba sauti yao inatosha. Swali likitoka ukumbini, mwenyekiti alirudie kwenye kipaza sauti kabla halijajibiwa. Viti vipangwe nusu duara badala ya safu kumi, na mwenye shida ya kusikia asihitaji kuomba kiti cha mbele, awekewe.

Turudi kwenye taarifa. Kuna wanaopinga habari za wanachama kuchapishwa kwa hoja ya faragha. Hoja ni ya kweli, ila inatibika kwenye fomu ya kujiunga. Fomu iulize: ukiumwa, tutaje? Tutaje kwamba unaweza kutembelewa? Au tusiseme kitu? Mtu achague moja na awe huru kubadili. Jina la ugonjwa lisiandikwe hata kama kila mtu analijua. "Yuko nyumbani, anapenda wageni baada ya saa 10 alasiri" ni habari tosha, tena yenye faida kuliko jina la ugonjwa. Siku ya kuzaliwa itajwe kwa tarehe na mwezi. Mwaka mzima wa kuzaliwa ukiambatana na jina kamili ni zawadi kwa matapeli. Jingine linalosahaulika: usitangaze kwamba fulani anasafiri majuma matatu. Mpe hongera ya safari akisharudi. Taarifa hizi hufika mbali kuliko mnavyodhani, na nyumba isiyo na mtu haitangazwi.

Tarehe nazo zina mitego yake. "Wiki ijayo" haifai kuandikwa, kwa kuwa mmoja ataisoma leo na mwingine Jumapili. Andika siku na tarehe pamoja, kisha fungua kalenda uhakikishe zinalingana. Jumanne iliyopewa tarehe ya Jumatano ni kosa linalorudi katika kila klabu. "Jumatano ya pili" na "Jumatano ya wiki ya pili" ni vitu viwili: mwezi ukianza Alhamisi, kwa kauli ya kwanza ni tarehe 14, kwa kauli ya pili wengine watasema ni tarehe 7, na nusu ya watu watakuta mlango umefungwa. Saa iandikwe kwa Kiswahili na vilevile kama inavyosomeka kwenye simu: saa 4 asubuhi, simu 10:00. Bila hivyo, aliyeiweka kwenye kengele ya simu ataamshwa saa 10 alfajiri.

Herufi zisipungue pointi 14, nyeusi juu ya nyeupe, safu moja. Faili la ukurasa wa A4 likifunguliwa kwenye simu, herufi zake zinageuka mchwa. Lichapwe kwa wanaotaka karatasi, na wengine watumiwe maneno yenyewe ndani ya ujumbe. Kwenye WhatsApp muwe na makundi mawili. Moja la matangazo, lililofungwa ili viongozi pekee waandike. Jingine la soga, picha za wajukuu na zile video za kusambazwa. Mkichanganya, tangazo la mazishi litazama chini ya vichekesho arobaini, na kuna siku mtu atakosa kumzika rafiki yake kwa sababu hiyo.

Shughuli sasa. Siamini katika kalenda ndefu. Shughuli nne zinazofanyika kila wiki ni bora kuliko kumi na mbili za mara moja kwa mwaka, kwa sababu ileile ya kuonana. Hata kwa afya hesabu iko hivyo: Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na kuendelea wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu siku 3 au zaidi. Safari moja kubwa ya mlimani mwezi Septemba haiingii kwenye hesabu hiyo.

Matembezi ya saa moja, kilomita 3 hadi 4, yanahitaji watu wawili wenye kazi: wa mbele anayejua njia, na wa mwisho ambaye hapitwi na mtu. Wahesabiwe mwanzoni na kila njia inapochepuka. Kuna kosa moja ambalo karibu kila kundi hulifanya. Wenye kasi hufika kwenye benchi, hupumzika dakika tano wakiwasubiri wa nyuma, na wa nyuma wakitokea tu, wenye kasi husimama na kuondoka. Hivyo aliyechoka zaidi ndiye asiyepumzika hata mara moja, na wiki inayofuata haji. Saa ya kupumzika ianze kuhesabiwa anapoketi wa mwisho. Njia nayo ichaguliwe kwa kuangalia choo kilipo kabla ya kuangalia mandhari.

Karata za watu wanne zisiandikishe wanne. Mmoja akipata miadi ya daktari, watatu wanarudi nyumbani, na baada ya mara mbili meza imekufa. Andikisheni 6 au 7 kwa meza moja, wa ziada wapokezane kucheza. Drafti na sataranji hazina shida hiyo. Mgeni wa kuzungumza apewe dakika 30 na maswali 15, athibitishwe wiki mbili kabla na tena siku mbili kabla, na mwanachama mmoja awe na mazungumzo ya akiba tayari mfukoni.

Kuna mifano miwili ya klabu hizi inayojulikana duniani. Klabu za Probus, zilizoanzia Uingereza katikati ya miaka ya 1960, huzunguka mkutano wa kila mwezi na mgeni wake. Karakana za Men's Sheds, zilizoanzia Australia miaka ya 1990, huwapa wanaume mbao, randa na kazi ya kufanya, kwa imani kwamba wanaume huongea wakiwa bega kwa bega kuliko uso kwa uso. Mimi niko upande wa karakana. Mtu anayeshika ubao mwenzake aupige msumari atasema mambo ambayo hatayasema kwenye kiti cha safu ya tatu. Klabu isiyo na karakana inaweza kurekebisha viti vya ukumbi, kupanda miti, kupanga vitabu vya maktaba. Kukunja na kubandika stempu kwenye ile taarifa ya mwezi yenyewe ni kazi nzuri ya asubuhi moja kwa watu sita.

Limebaki jambo la misiba. Tangazo litoke kwa mtu mmoja tu, baada ya kusema na familia kwa sauti; "nimesikia kwamba" isiruhusiwe kundini, maana imewahi kutokea katika zaidi ya klabu moja kwamba marehemu akajibu mwenyewe. Siku hiyohiyo jina liondolewe kwenye orodha ya siku za kuzaliwa na ya madeni ya ada. Mjane kupokea salamu za kuzaliwa za mumewe mwezi wa pili baada ya mazishi, au barua ya kumkumbusha deni, ni uzembe unaoumiza na unaozuilika kwa dakika mbili. Mjane mwenyewe asiondolewe popote. Aendelee kupata taarifa kwa mwaka mzima akitaka, na apigiwe simu mwezi wa tatu hivi, wageni wa msiba wanapokuwa wamekwisha kutawanyika. Nambari yake ya simu iandikwe tangu mume yu hai, kwenye ileile fomu ya kujiunga, na nakala ya orodha hizo ziwe kwa watu wawili.