Kusoma usalama wa ndani: jengo au ndevu?

Asubuhi ya Septemba 11, 2001, ndege ya kwanza ilipogonga mnara wa kaskazini wa World Trade Center saa 2:46, waliokuwa mnara wa kusini walitangaziwa kwamba jengo lao liko salama, wabaki ofisini. Rick Rescorla, mkuu wa usalama wa kampuni ya Morgan Stanley, alilipuuza tangazo hilo. Alishika kipaza sauti cha mkononi akaanza kuwateremsha watu kwa ngazi, wawili wawili, huku akiwaimbia nyimbo za kwao Cornwall, Uingereza, ili wasitaharuki. Dakika 17 baadaye ndege ya pili iliuvaa mnara wao. Zaidi ya wafanyakazi 2,000 wa kampuni ile walitoka hai. Yeye alionekana mara ya mwisho ghorofa ya 10, akipanda juu kutafuta waliobaki.

Hakuwa amebahatisha. Mwaka 1990 yeye na rafiki yake walilikagua jengo lile na kuwaonya wamiliki wake, Mamlaka ya Bandari ya New York na New Jersey, kwamba mtu anaweza kuingiza gari lenye bomu kwenye maegesho ya chini bila kuulizwa. Onyo lilipokelewa, likakaa. Februari 26, 1993 gari lililipuka palepale, watu 6 wakafa. Tangu hapo Rescorla aliwashusha wafanyakazi kwa ngazi kila baada ya miezi michache, kama zoezi, na mabosi walionung'unika kwamba anawakatiza simu za wateja aliwaacha wanung'unike.

Namtaja kwa sababu katika mjadala wa iwapo usalama wa ndani, yaani kuilinda nchi dhidi ya ugaidi na maafa, ni somo la kukalia darasani, kila upande humvutia kwake. Wanaounga mkono husema: tazama, maarifa haya yapo, yana kanuni, yanafundishika, na yameokoa maelfu. Wanaopinga huuliza alisomea nini. Alisomea fasihi na sheria, Oklahoma, baada ya kupigana Vietnam. Shahada yenye jina la usalama wa ndani hakuwahi kuiona.

Shahada hizo zilizaliwa na siku ileile iliyomuua. Novemba 2002 Rais George W. Bush alitia saini sheria ya kuunda Wizara ya Usalama wa Ndani, iliyokuja kukusanya mashirika 22 chini ya paa moja, kuanzia walinzi wa pwani hadi FEMA, shirika la maafa. Mwaka huohuo Chuo cha Uzamili cha Jeshi la Majini kule Monterey, California, kilifungua kituo cha kuwafundisha maofisa wa polisi, zimamoto na afya. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Maryland kikapata kituo chake, START, ambacho kanzidata yake ya matukio ya ugaidi inaanzia mwaka 1970 na ina matukio zaidi ya 200,000. Vyuo vingine vikafuata, na fedha za serikali kuu zikawa zinapatikana. Leo Marekani ina mamia ya programu za aina hii, nyingine nzuri, nyingine vyeti tu vyenye picha ya tai.

Hoja ya kuunga mkono ni nzito kuliko wakosoaji wengi wanavyokubali. Chukua kisa cha Nawaf al-Hazmi na Khalid al-Mihdhar, wawili kati ya watekaji wa ndege za Septemba 11. CIA iliwafuatilia hadi Kuala Lumpur Januari 2000. Katikati ya mwezi huohuo waliingia Los Angeles, wakahamia San Diego, wakapanga nyumba, na jina la al-Hazmi likachapishwa kwenye kitabu cha simu cha mji. Hawakuingizwa kwenye orodha ya watu wa kuzuiwa hadi Agosti 2001, na majuma machache baadaye walikuwa ndani ya ndege iliyogonga Pentagon. Hakuna silaha ya ajabu iliyokosekana hapo. Kilichokosekana ni ofisi moja kuiambia ofisi nyingine. Tume ya kuchunguza mashambulio hayo, iliyoongozwa na Thomas Kean na Lee Hamilton, iliyotoa ripoti yake Julai 2004, iliona kwamba kushindwa kukubwa kuliko kote kulikuwa kushindwa kuwaza lisilozoeleka.

Au chukua redio. Siku ya Septemba 11 helikopta za polisi ziliuona mnara uliobaki ukielekea kuanguka, na marubani wakasema. Polisi walisikia. Zimamoto waliokuwa ngazini walikuwa na redio zao, masafa yao na uongozi wao. Wengine hawakujua hata kwamba mnara wa kwanza umeshaporomoka. Wazimamoto 343 walikufa siku ile. Kwa nini idara mbili za mji mmoja zifanye kazi kama wageni ni swali la kitaaluma kabisa: lina historia, bajeti, wivu na sheria. Mtu anaweza kuliandikia tasnifu na tasnifu hiyo ikafaa kitu. Ndiyo maana nauheshimu mpango wa Monterey. Ofisa wa zimamoto anakaa meza moja na mkuu wa polisi na daktari wa afya ya jamii, halafu kila mmoja anarudi kazini kwake akiwa na namba za simu za wenzake. Nusu ya shahada ni hizo namba.

Matunda ya kujiandaa pamoja namna hii yalionekana Boston, Aprili 15, 2013. Mabomu mawili kwenye mbio za marathoni yaliua watu 3 na kujeruhi zaidi ya 260, wengine wakikatika miguu. Kila majeruhi aliyefika hospitali akiwa hai alipona. Hospitali zilikuwa zimeshafanya mazoezi ya kugawana majeruhi, na watu barabarani walifunga mikanda na mashati juu ya majeraha kuzuia damu.

Mpaka hapa nipo upande wa darasa. Nyufa zinaanza pale darasa linapoacha kusoma jengo na kuanza kumsoma binadamu.

Kwanza, wasomi hawajakubaliana wanachokisoma. Alex Schmid, mmoja wa waanzilishi wa fani hii, alikusanya fasili 109 za neno ugaidi katika miaka ya 1980. Sheria ya Marekani inaufasili ugaidi wa ndani tangu 2001, lakini haina kosa la shirikisho linalojitegemea lenye jina hilo. Mwaka 2014 Marc Sageman, daktari wa akili aliyewahi kuwa ofisa wa CIA, aliandika kwamba utafiti wa ugaidi umedumaa: serikali ina taarifa za siri lakini haina mbinu za utafiti, na wasomi wana mbinu lakini hawana taarifa.

Halafu kuna hesabu. Tuseme mji una watu milioni moja na kumi kati yao wanapanga shambulio. Tuseme pia una kipimo kinachopatia mara 99 katika 100, na kipimo kizuri kiasi hicho hakijawahi kuwepo. Kitawanasa karibu wote kumi. Pamoja nao kitawanasa watu wapatao 10,000 wasio na hatia. Kwa kila mhalifu mmoja, majirani elfu moja wamefunguliwa jalada. Hesabu hii inatosha darasa la kwanza la takwimu, na bado kuna waliojenga sera kana kwamba haipo.

Mwaka 2007 polisi wa New York walitoa ripoti kuhusu jinsi kijana anavyogeuka kuwa gaidi. Iliweka hatua nne, na miongoni mwa dalili zake ni kuacha sigara, pombe na kamari, kufuga ndevu, kuvaa mavazi ya kidini na kujihusisha na shughuli za jamii. Yaani yale ambayo mama yeyote angemwombea mwanawe. Ripoti ilikuwa na sura zote za usomi: kesi, majedwali, istilahi. Wakati uleule polisi haohao waliwatuma makachero kwenye misikiti, mikahawa na vyama vya wanafunzi Waislamu, hadi nje ya mipaka ya mji wao. Aprili 2008 kachero mmoja alijichanganya na wanafunzi 18 wa City College waliokwenda kuteremka mtoni kwa boti za mpira. Aliporudi aliripoti kwamba vijana wale waliswali angalau mara nne kwa siku na kwamba mazungumzo yao mengi yalikuwa ya dini. (Dini yenyewe inataka tano.)

Shirika la habari la AP lilifichua mambo haya mwaka 2011. Mwaka uliofuata ofisa wa polisi Thomas Galati aliulizwa chini ya kiapo ni pelelezi ngapi zilizotokana na taarifa za kitengo cha kuchora ramani ya jamii hizo katika miaka yake ya uongozi. Alijibu kwamba hakuna hata moja. Kitengo kilivunjwa Aprili 2014. FBI nayo ilikumbwa na fedheha yake mwaka 2011, ilipogundulika kwamba mafunzo ya Quantico, kwenye chuo chake cha maofisa, yaliwaonyesha Waislamu wa kawaida wa Marekani kama wenye kuelekea kuwaunga mkono magaidi, na ikabidi mamia ya kurasa ziondolewe. Hayo nayo yalikuwa masomo. Yalikuwa na mwalimu na wanafunzi, na waliohitimu walipewa bunduki na hati za upekuzi.

Watetezi wana jibu, na si jibu jepesi. Wanasema usipomtazama mtu, utakuja kutazama vifusi. Machi 2011 Urusi iliionya FBI juu ya Tamerlan Tsarnaev, mkubwa wa ndugu wawili waliolipua mabomu ya Boston. FBI ilimhoji, haikupata kitu, ikalifunga jalada. Mtu aliyesoma majina ya waliokufa pale hawezi kusema tu kwamba kufuatilia watu ni uonevu.

Mimi naona njia ipo, na imo ndani ya fani yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Secret Service, idara inayomlinda rais, na Wizara ya Elimu walichunguza mashambulio 37 katika shule za Marekani. Hawakupata sura moja ya mshambuliaji: si kabila moja, si familia ya aina moja, si alama za aina moja darasani. Walichopata ni kwamba katika asilimia 81 ya matukio, kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyejua mapema kinachopangwa, mara nyingi rafiki au mwanafunzi mwenzake. Kwa hiyo kinachofaa kusomwa ni vitendo: nani ananunua silaha, nani anakagua mahali, nani amemwambia nani. Na pia kwa nini aliyeambiwa alinyamaza. Kachero anayehesabu rakaa mtoni hasomi hayo, na zaidi ya hapo anaifunga midomo ambayo siku moja angeihitaji.

Suala la gharama nitaligusa kidogo, maana hupigiwa kelele kupita uzito wake. Mwanasayansi ya siasa John Mueller amekuwa akisisitiza kwamba uwezekano wa Mmarekani kuuawa na gaidi katika mwaka ni karibu 1 kati ya milioni 3.5, na kwamba mabilioni yanamwagwa bila mtu kuuliza yamezuia nini. Nakubali swali, sikubali kwamba wastani unatosha, kwa sababu ugaidi hauji kwa wastani. Hoja yenye nguvu zaidi ni kimbunga Katrina, Agosti 2005. FEMA ilikuwa imemezwa na wizara iliyowaza mabomu, na maji yalipoingia New Orleans, watu zaidi ya 1,300 walikufa katika eneo lote la maafa huku maofisa wakitafutana. Na rangi zile tano za tahadhari ya ugaidi zilizotangazwa kuanzia 2002 hadi 2011 zilipanda na kushuka kati ya njano na chungwa, mara moja tu zikafika nyekundu kwa baadhi ya safari za ndege, bila raia kujua afanye nini tofauti. Februari 2003 walishauriwa kuweka nailoni na selotepu nene nyumbani, madukani zikaisha.

Kwa kijana anayeuliza kama aanze na shahada ya kwanza ya usalama wa ndani, ningemwambia hapana. Asome uhandisi, takwimu, lugha, sheria au afya ya jamii, kwa sababu waajiri wengi wa wizara ile hawadai shahada yenye jina hilo, na kwa sababu fani hii huishi kwa kuazima kutoka hizo nyingine. Kwa sajini mwenye miaka kumi na mitano kazini, anayejua redio yake haisikiki kwenye gari la zimamoto, shahada ya uzamili ni jambo jingine kabisa.

Nikiletewa mtaala niupime, naanzia ukurasa wa nyuma, kwenye visa vya kujadiliwa. Maegesho ya 1993 karibu kila mara yamo. Natafuta pia safari ile ya mtoni, na kama imo, natazama imewekwa wiki gani: mwishoni, chini ya kichwa cha maadili, au mapema, pale wanapofundishwa jinsi ya kukusanya taarifa.